Kopo la Jongoo

Mdogo wangu alipoanza kusomea jongoo, mimi ndiye niliyetangaza mtaa mzima. Sikuombwa. Kila mteja aliyeingia dukani kwangu kupimwa suruali alitoka akijua kwamba fundi ana mdogo wake chuo kikuu, anasoma shahada ya uzamivu, ile ya juu kabisa ambayo ukiimaliza hata mkweo anakuita daktari. Wengine waliuliza anasomea nini hasa. Nikawajibu kwa sauti ile ile, "Jongoo."  Aliyethubutu kucheka nilimpima kiuno kwa kumbana.

Mdogo wangu tunamwita Sindano, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu akishika jambo hulichoma mpaka litokee upande wa pili. Mama yetu alipofariki, yeye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto na mimi nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kutia uzi kwenye cherehani. Nimemlea kwa mguu huu wa kulia, kwa kukanyaga. Kwa hiyo akipata, nimepata mimi, na mtu asiniambie nijishushe.

Jambo moja tu lilinishangaza. Sindano alipokuwa mdogo, akiona jongoo ukutani alikuwa anapanda juu ya meza na kulia mpaka majirani waje. Sasa huyo huyo ananipigia simu kutoka kwenye kituo chao cha utafiti kuniambia, kwa furaha kabisa, "Dada, leo nimepata jongoo mkubwa, mnene kama mkono wangu!" Nikasema moyoni, kweli elimu ni taa. Imemtoa woga ambao mimi na fagio langu tulishindwa kuutoa.

Kituo chenyewe sijawahi kukiona. Ni safari ya kutwa nzima kwa basi, na duka halijifungui lenyewe. Nilijua kiko kando ya bahari, ndiyo. Lakini kando ya bahari kuna hospitali pia, na kuna gereza, na sijasikia mtu akisema wafungwa wanasomea samaki. Nilichokijua mimi ni kile nilichoambiwa kwenye simu. "Dada, leo nimezama tangu asubuhi, mwili wote unauma." Nikamwambia, "Zama, mdogo wangu, ndiyo uzamivu wenyewe huo." Nilimwona kichwani mwangu amezama kwenye vitabu mpaka shingoni. Akasema jongoo wake wanajificha kwenye nyasi. Nikaona sawa, nyasi ndiko nyumbani kwao. Mwenzake wa chumba alikuwa anasomea farasi. Nilimtumia salamu msichana yule na kumwomba awe mwangalifu na mateke. Sindano alicheka sana siku ile, akadhani natania.

Shida yake nayo niliijua. Alikuwa anawafuga jongoo hao ili wazaane, na kuzaana walizaana vizuri tu, lakini watoto hawakukaa. "Wanatoka, dada, wanakua, unawaona wazima kabisa. Ikifika siku ya kutua chini, wanakufa wote." Kutua kutoka wapi sikuuliza. Nilidhani kutoka kwenye majani. Nilimwonea huruma, maana kila mara akinipigia kuniambia wamekufa, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka msibani.

Ndipo akapatikana mtaalamu mmoja, mama wa nchi ya mbali, ambaye kwenye maabara yake watoto wa jongoo wanatua na kukua kama kawaida. Mama huyo akakubali kumpokea Sindano msimu huu wa kuzaana, amfundishe kwa mikono yake. Msimu ujao usingefaa, muda wa Sindano chuoni ungekuwa umekwisha. Kilichobaki ilikuwa nauli. Kuna mfuko unaowalipia nauli wanafunzi wa uzamivu wanaotafiti mambo ya bahari. Mwaka huu wakasema wamechoka kusoma makaratasi, kila mwombaji aje asimame mbele ya kamati aeleze kazi yake kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nikashangaa kidogo, mfuko wa bahari na jongoo wapi na wapi? Lakini nikasema wasomi wana njia zao. Labda bahari imejaa wameanza kugawa na nchi kavu.

Sindano akaenda mbele ya kamati. Nikampigia kumwuliza imekwendaje. Akasema, "Vizuri sana, dada. Waliuliza maswali mengi mno. Hawakuniondolea macho hata dakika moja, walikuwa wananikodolea tu." Nikaona ni dalili njema.

Siku mbili baadaye, asubuhi ilikuwa ya mvua. Nilikuwa nimemsimamisha mwalimu mstaafu katikati ya duka, nimemvisha koti lake jipya ambalo bado lilikuwa vipande vipande vilivyoshikizwa kwa pini. Mwalimu ni mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa maneno machache na mgongo ulionyooka. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, pini mdomoni, mlango ukafunguka. Sindano akaingia na begi lake, amelowa chapachapa. Hakutuamkia. Akakaa juu ya robota la kitambaa cha bitana na kuanza kulia.

Nilitema pini. "Nani amekufa?"

"Wamenikataa, dada."

Akanipa simu. Ujumbe ulikuwa wa katibu wa mfuko, mfupi na mkavu: *Mada yako haihusu lengo la mfuko. Tunakushauri ujaribu mifuko ya kilimo na mifugo.*

"Mifugo!" akasema Sindano. "Yaani wameniona mfugaji tu. Kazi yangu yote hiyo, wameona nafuga kama mtu anayefuga bata uani. Hawaoni utafiti pale."

"Msimamizi wako anasemaje?"

"Yuko melini, wiki ya pili sasa, simu hazishiki huko. Na profesa mmoja wa kamati, yule angenielewa, naye yuko kwenye meli hiyo hiyo." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa changu cha bei. "Basi. Nimechoka. Nirudi nyumbani, dada. Nifundishe kushona pindo."

Hapo damu ilinipanda. Nina hasira za karibu, sikatai, na neno lile lilinikuta vibaya. "Pindo? Mguu huu umekanyaga mpaka umekuwa mnene kuliko mwenzake, ili wewe uje ukae hapa ushone pindo? Mtu mwenye akili zako! Inuka hapo unanilowanishia bitana!"

Akalia zaidi. Mwalimu akatazama dari, kama mtu mstaarabu anavyofanya akikuta ugomvi wa ndugu. Mimi nami hasira ilinishuka ghafla kama ilivyopanda. Nilimwona alivyokonda. Nikakumbuka kwamba nilikuwa na kitu cha kumfariji, kitu nilichokuwa nimemwekea tangu mvua zianze.

"Nyamaza," nikamwambia. "Nyamaza, mdogo wangu. Watu wasiojua kitu wasikutoe machozi. Ngoja nikuonyeshe nilichokuwekea."

Nikaenda chumba cha nyuma nikalitoa. Lilikuwa kopo kubwa la plastiki, nimelitoboa kifuniko kwa msumari wa moto ili wapate hewa, nimewatandikia majani mabichi. Walikuwemo wengi, weusi, wanaong'aa, wamejikunja na kujikunjua, miguu yao inatembea kama mawimbi. Nilikuwa nimechagua wanene tu. Nikalifungua na kumwekea mapajani.

Sindano alipiga ukelele ambao sijausikia tangu ang'oke meno. Kopo likaruka huku, yeye akaruka kule, nilipofumbua macho alikuwa amesimama juu ya meza yangu ya kukatia, amekanyaga suruali ya mteja iliyochorwa tayari kwa chaki. Jongoo walisambaa sakafuni. Mmoja akaelekea kwenye kiatu cha mwalimu, na mwalimu, kwa sababu ya pini, hakuweza hata kuinama.

"Watoe! Dada, watoe!"

"Niwatoe? Hawa si ndio wako?"

"Wangu? Wangu kivipi?"

"Sindano," nikasema, "wewe unasomea nini?"

"Jongoo!"

"Na hawa ni nini?"

"Jongoo!"

"Hapo sasa," akasema mwalimu.

Sindano alinitazama kutoka juu ya meza, mdomo wazi. "Dada, mimi nasomea jongoo *bahari*! Wale wa majini! Hawana hata mguu mmoja! Kama tango, linalala chini ya bahari!"

"Hujawahi kusema bahari."

"Nimesema!"

"Hata siku moja. Unasema jongoo. Unasema jongoo wako kwenye nyasi."

"Nyasi bahari! Zinaota chini ya maji!"

"Mimi ningejuaje kuna nyasi zinaota chini ya maji? Nimetumwa huko?"

"Nakuambia kila siku nazama! Ulidhani nazama wapi?"

"Kwenye vitabu! Si ndiyo uzamivu? Hata anayesomea kuku si anaitwa mzamivu?"

 Kusema kweli nilianza kuona aibu inanipanda kutoka miguuni, maana nilikuwa nimewakumbuka wateja wote niliowabana viuno bila kosa. Nikasema, "Na yule mwenzako wa farasi?"

"Farasi bahari, dada. Ni samaki. Mdogo kama kidole." Akatoa sauti ambayo nusu ilikuwa kilio na nusu kicheko. "Kule kituoni kila kitu ni cha bahari. Hakuna anayelitamka tena hilo neno. Ukisema jongoo bahari watu wanakuona mgeni."

 Nilimwona uso wake unabadilika. Akashuka kutoka mezani polepole, akasahau hata kuangalia anakanyaga wapi.

"Dada," akasema. "Mbele ya kamati nilisemaje?"

"Mimi nitajuaje?"

"Nilisema nafuga jongoo." Alikuwa anahesabu maneno yake kama mtu anayepekua mfuko. "Nikasema nawazamia kwenye nyasi. Nikasema wanakula mchanga na uchafu na kuutoa ukiwa safi."

"Ulitaja maji?" akauliza mwalimu.

"Mfuko wenyewe ni wa bahari, mwalimu! Si wanajua!"

"Wao walikuuliza nini?"

"Mmoja aliuliza kama mvua ikinyesha wanaongezeka. Nikaona ni swali zuri sana. Nikamwambia hapana, mvua kubwa inawaua, hasa wadogo. Akashangaa." Sindano akajishika kichwa. "Mwingine akauliza kama wanauma. Nikamwambia hawaumi, ila ukiwashika vibaya wanatapika matumbo yao yote. Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Hakuishika tena."

Mwalimu, mtu wa maneno machache, alianza kutikisika mabega. Pini moja ikamchoma akaacha.

Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari nimeshika simu yake. "Piga," nikamwambia. "Piga kwa katibu sasa hivi, na uweke spika."

Katibu alikuwa kijana wa kiume mwenye sauti ya kupiga miayo. Sindano alijieleza, katibu akasema anasikitika, uamuzi ukishatoka umetoka, na leo kabla ya ofisi kufungwa nafasi ile anapigiwa mtu wa akiba. Nikamkonyeza Sindano: mwenyekiti. Sindano akamwomba mwenyekiti. Katibu akasema mwenyekiti ana shughuli. Nikapaza sauti kutoka nilipokuwa, "Kaka katibu, sisi tunangoja, hatuna haraka, leo ni mvua." Akavuta pumzi kwa nguvu, tukasikia viti, tukasikia mlango.

"Nani?" Sauti ya mama mtu mzima. Tukamsikia katibu akimwambia kwa mbali, yule binti wa jongoo. "Oh. Mwanangu, si tulishamaliza? Sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini huu ni mfuko wa bahari. Kila mwaka tunaletewa watu wasiohusika. Mwaka jana alikuja mmoja na kuku, alisema wanakula dagaa."

"Mama, jongoo wangu ni wa bahari," akasema Sindano, na hapo hapo akaharibu. Badala ya kukaa kwenye neno hilo moja, akaingia kwenye majina ya kisayansi, yale marefu yanayouma ulimi, na hatua za ukuaji, na kiwango cha chumvi. Nilikuwa namwashiria kwa mikono afupishe lakini alikuwa ameshafunga macho.

"Ngoja, ngoja," akasema mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Juzi walikuwa kwenye nyasi. Leo baada ya kukataliwa wamehamia baharini? Mwanangu, usifanye hivyo. Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Sisi jambo hili tumeshalitupa."

Sindano akageuka rangi. Aliona, nami niliona, kwamba sasa ameonekana mwongo, na hilo ni baya kuliko kuonekana mfugaji. Mkono wake ulishuka na simu. Nikaichukua kabla haijafika chini.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nani tena?"

"Mimi ni dada yake, mama. Fundi cherehani. Nimemlea huyu tangu mama yetu atuache. Na nataka nikuambie jambo moja tu halafu ukate simu ukitaka. Tangu ameanza shahada hii mpaka leo asubuhi, mimi nilijua anasomea jongoo hawa wa ukutani. Hawa wa miguu."

Tukamsikia mwenyekiti akivuta kiti.

"Nimemsifia mtaa mzima, mama. Na wiki nzima hii nimekuwa nikizunguka uani kwenye mvua namwokotea jongoo, nimjazie kopo, apate kwenda nao kazini. Leo nimemfungulia nimempa. Sasa hivi wako sakafuni kwangu wanatembea, na daktari wako alipowaona amepanda mezani."

"Amepanda wapi?"

"Mezani. Amenikanyagia suruali ya mtu. Na shahidi ninaye."

Mwalimu alikohoa kusafisha koo. "Nathibitisha, mheshimiwa mwenyekiti. Nilikuwepo na bado nipo."

"Na wewe nani?"

"Mwalimu mstaafu. Nina pini mwili mzima, siwezi kuondoka."

Kulikuwa na sauti kwenye simu, nikadhani mtandao unakatika. Kumbe alikuwa anacheka kwa kujizuia. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu. "Mama, kama mimi niliyemlea nimekosa, ninyi mliomwona mara moja mna kosa gani? Kosa ni lake. Kule kwao kila kitu ni cha bahari mpaka neno lenyewe wamelitupa. Sasa wewe unasema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Mama yangu, hapa mti mmeutupa, lakini jongoo hayumo. Yuko chini ya maji anamngoja huyu mtoto."

Alicheka mpaka akapaliwa. Tukamsikia anamwagiza katibu maji. Aliporudi, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mpe simu binti." Nikampa. "Mwanangu, sitaki sayansi. Hao wanaotapika matumbo, wanaishi wapi?"

"Baharini, mama."

"Na hizo nyasi?"

"Baharini."

"Na wewe unazama wapi?"

"Baharini, mama. Na mtungi wa hewa mgongoni."

"Yesu na Maria," akasema mwenyekiti taratibu. "Na sisi tulikaa pale watu wazima watatu tunakuuliza habari za mvua." Tukasikia droo ikivutwa. "Haya. Makaratasi yako yapo, ninayatoa sasa nisome mwenyewe mpaka mwisho. Nawapigia wenzangu. Sikuahidi kitu. Kaa karibu na simu."

Akakata. Sindano akakaa chini sakafuni, na jongoo mmoja akapita karibu kabisa na goti lake asimwone.

Kungoja kule sitaki kukueleza sana. Kwanza nilimvua mwalimu koti, maana tulikuwa tumemsahau. Alikataa kuondoka, alisema mvua bado, na mvua ilikuwa imekatika zamani. Nikawakusanya jongoo kwa fagio na kizoleo, nikawarudisha koponi, nikalifunika. Nikamtengea Sindano chai, haikunyweka. Akaomba nimpe kazi ya mikono, nikampa pindo la pazia. Alishona pindo baya, mshono unapanda na kushuka kama njia ya mlevi, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kila mshono mbaya, nikisema, angalau huyu hawezi kuishia hapa hata akitaka.

Simu ilipolia sote watatu tuliruka. Ilikuwa namba ya katibu. Sindano aliweka spika bila kuambiwa.

"Umepita," akasema katibu, na safari hii hakupiga miayo. "Wanakamati wamekubali wote. Mtu wa akiba alikuwa bado hajapigiwa, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa. Utaletewa tiketi. Na mwenyekiti amesema nikuambie hivi hivi, kwa maneno yake: usilete tena jongoo ofisini kwake bila bahari yao."

Ah, jamani. Kuna furaha ya kupata, na kuna ile ya kurudishiwa ulichokwisha kuzika. Hii ya pili haina mfano. Nikashika cherehani. Sindano alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Mwalimu akatupa mkono mmoja mmoja, rasmi kabisa, kama mtu anayegawa vyeti, kisha akageukia ukuta akatoa leso. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ile mama alipotuacha.

Jioni ile tulikwenda uani kuwaachia. Sindano alisimama mlangoni, mbali, miguu tayari kukimbia. Mimi ndiye niliyeinamisha kopo kwenye nyasi zilizolowa, nyasi za kweli, na jongoo wakatoka mmoja mmoja wakashika njia zao. Hawakuwa na haraka. Wao kamati haikuwahusu.

"Dada," akasema Sindano nyuma yangu. "Ulidhani kweli nasomea hawa?"

"Nilidhani."

"Na hukunicheka?"

"Nilicheka sana. Lakini chooni, nikiwa nimefunga mlango."

Akacheka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa uliwaokotaje?"

"Nini?"

"Hao. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwaogopa, dada. Nakumbuka. Mimi nilikuwa napanda mezani kwa sababu nilikuwa nakukuta wewe umeshapanda."

 Niliendelea kuligonga kopo chini ili wa mwisho atoke, maana alikuwa ameng'ang'ania kwenye jani. Ni kweli. Nawaogopa mpaka leo, kuliko yeye. Wiki ile nzima nilikuwa nawaokota kwa vidole viwili, nimevaa kastabini kwenye kila kidole, nimefumba macho, naimba ili nisijisikie nikipiga kelele. Kila nikimtia mmoja koponi nilikwenda kunawa mkono mpaka kiwiko.

"Nilidhani unawapenda," nikasema. "Nikaona, kama Sindano anawapenda, basi lazima wana kitu. Mimi tu ndiye sijakiona."

 Alitoka mlangoni, akaja juu ya nyasi zile zile akiwa peku, na jongoo bado wanatembea, akaja akasimama kando yangu akanishika mkono. Alikuwa anatetemeka kweli kweli. Na mimi nilikuwa natetemeka. Tukasimama hivyo mpaka wa mwisho akapotea kwenye majani.

Alisafiri. Sasa dukani kwangu mteja akiuliza mdogo wangu anasomea nini, namwambia jongoo bahari, na hilo neno la pili nalitamka kwa nguvu mpaka watu wanaruka. Picha yao ninayo kwenye simu. Ni wabaya, sitadanganya. Kama tango lililosahaulika kabatini. Namwonyesha kila mtu.

Juzi mwalimu alikuwa amesimama katikati ya duka, nampima suruali ya kuendana na lile koti. Simu ikalia kidogo, ujumbe. Nikaufungua kwa mkono mmoja, futi shingoni. Lilikuwa neno moja tu, limetoka nchi ya mbali: *Wametua.*

Nikakaa chini pale pale, kwenye robota la bitana.

"Kuna nini, fundi?" akauliza mwalimu.

"Wametua," nikasema. "Wote wazima. Wametua."

"Nani?"

"Watoto wa jongoo."

"Bahari," akasema mwalimu.

"Bahari," nikasema, na machozi yakanitoka, nikaacha yatoke.